Chai ya Kabla ya Bei

Nyinyi mnaonunua kuku kwa simu mnanichekesha, na sisemi kwa ubaya. Mnatumiwa picha ya jogoo amesimama kifua mbele kama anagombea udiwani, mnatuma pesa, pikipiki inaleta. Mkifungua tenga mnakuta jogoo ni yule yule, ila picha ilipigwa kwa karibu. Mimi kazi hii niliifanya mpaka magoti yakaomba kustaafu. Nilinunua kuku nyumba kwa nyumba, kutoka Khayega kwenda Shinyalu, hadi kule mashamba yanapogusana na msitu, nikawauza sokoni na kwenye hoteli za mjini Kakamega. Mkija kunisalimu mnaniuliza siri ya bei. Nitawapa, lakini siri hiyo ina chai ndani yake, na chai yenyewe nusura inimalize. Kwa hiyo mtavumilia nikizunguka kidogo.

Aliyenifundisha ni Senje Robai, dada ya baba yangu. Mwanamke mwembamba, mwenye hatua ndefu, ambaye hakuna mtu niliyemjua aliyemuuzia kuku kwa bei ya kwanza. Alinifundisha kumshika kuku chini ya mbawa na kupapasa mfupa wa kifua. Ukichoma vidole kama kisu, mwache. Alinifundisha kubonyeza kile kifuko cha shingoni, kwa sababu kuna watu humshindilia kuku mahindi na maji asubuhi ya siku ya soko ili uzito upande. "Usinunue kiamsha kinywa cha kuku," aliniambia. "Nunua kuku."

Na alinifundisha chai. Kwetu hapa huingii boma la mtu ukauliza jogoo ni pesa ngapi, kama polisi. Unakaa. Unaletewa chai ya maziwa, sukari imekolea hasa, maana chai isiyo na sukari ya kutosha ni aibu ya mwenye nyumba. Kando yake kuna kiazi kitamu, au mkate, au hindi la kuchoma. Unakunywa, unauliza habari za ng'ombe aliyekuwa akichechemea, unamsifu mtoto. Ukisimama kama anayeondoka, hapo ndipo unamwona jogoo kwa mara ya kwanza, kama kwamba hukumwona tangu langoni. "Kumbe na huyu yupo?" Basi bei inaanza.

Anayekataa chai hapewi bei. Anapewa maneno. Kwa sababu ukikataa kikombe cha mtu bila sababu, umesema kitu kingine bila kukisema: kwamba unaogopa kilichotiwa ndani.

Miaka ile nilikuwa nakunywa chai ya kila boma na hakuna kilichonishika, nami nilidhani ni nguvu zangu. Hazikuwa nguvu. Ilikuwa njia. Kati ya boma na boma kuna kilima, mto, kilima kingine, na tenga kichwani lenye kuku wanaopigana. Fundi viatu wa Khayega alinijua kwa jina. Nyayo za viatu vyangu zilikuwa zikiisha kabla mkanda haujachakaa, na yeye alikuwa akizibadilisha huku akilalamika kwamba natembea kama mtu anayedaiwa.

Kisha pikipiki zikaja, na simu. Nikapata kijana wa boda boda anayenibeba, tenga likafungwa nyuma. Boma nililokuwa nikilifikia mchana, sasa nalifikia asubuhi. Na pale nilipokuwa nikiingia maboma machache kwa siku, nikaingia mengi. Mnaona hesabu ilivyogeuka? Njia ilipungua, chai ikaongezeka. Mimi ninayehesabu chenji mara mbili mbele ya konda na mara ya tatu nikishashuka, hili sikulihesabu hata mara moja. Nilichokiona ni kwamba viatu havikuwa vikiisha tena. Nikafurahi. Nikasema hiyo ni faida.

Siku moja fundi viatu aliniita kutoka ng'ambo ya barabara.

"Mama Lumbasi, umepata fundi mwingine?"

"Sina fundi mwingine."

"Basi unatembelea viatu vya nani?"

Nilicheka, nikapanda boda.

Waliokuja kupima watu sukari sokoni walikuwa wamepiga hema karibu na mahali wanapouzia maharagwe. Kupimwa ni bure, wakasema. Kitu cha bure mimi huwa nakizunguka kwanza nione mlango wa nyuma uko wapi. Nikazunguka, sikuuona, nikaketi. Nilikuwa sijala tangu usiku kwa sababu siku ya soko huwa nakula nikishauza. Kijana akanitoboa kidole, akatazama kile kimashine, akaniambia sita nukta tatu.

"Hiyo ni nzuri?"

"Imepanda, mama. Si ugonjwa wa sukari bado. Lakini uko njiani kuelekea huko."

Nikamwambia apime tena, kwenye kidole kingine, maana hicho cha kwanza ndicho ninachobonyezea kuku. Akapima. Sita nukta tano. Mnaona mambo ya kukataa bei ya kwanza.

Akaniandikia niende kliniki. Kule nikapimwa damu upya, jibu likawa lile lile, nikakabidhiwa kwa binti wa lishe, msichana mtulivu wa umri wa mjukuu wangu, mwenye sauti ndogo. Nilipomwona nikajua huyu namweza. Nikakosea.

"Chai unatia sukari vijiko vingapi, mama?"

"Kimoja."

Hakunibishia. Akatoa kwenye droo kikombe, kijiko na pakiti ya sukari, akavisogeza mbele yangu. "Nionyeshe ya jana. Nyumba ya kwanza walitia kiasi gani?"

Nikatia. Na kwa kuwa mimi ni mtu wa vipimo, sikuweza kudanganya mkono. Nyumba ya kwanza, ya pili, kwa yule mwalimu, kwa wale wa karibu na kanisa. Nilipofika nyumba ya mwisho, sukari ilikuwa imepita nusu ya kikombe na bado sijataja mkate. Nilikitazama kile kikombe. Nimepima nafaka maisha yangu yote. Nilijua bila kuambiwa kwamba wiki mbili hivi zikiisha ningekuwa nimejaza gorogoro, lile kopo kubwa la kupimia mahindi. Ningemwona mtu anayebugia gorogoro ya sukari kwa mkono ningemwombea.

"Sasa tuelewane," nikasema. "Unataka nipunguze nini?"

"Wewe unaweza kupunguza nini?"

Mjanja. Hakutaja bei. Nikaanza chini. "Soda."

Akanyamaza.

"Na mandazi."

Akaendelea kunyamaza, anazungusha kalamu. Mimi kunyamaza nakujua, nimekutumia kwa watu wazima mpaka wakajipunguzia wenyewe. Lakini kumbe kukitumiwa kwako kunawasha. Nikajikuta nimetoa chapati za katikati ya wiki, nikabaki na moja ya Jumapili, nimeishikilia kama mtoto.

Tukafika kwenye ugali. Obusuma kwetu si chakula cha kando, ndicho chakula. Vingine vyote ni vya kuusindikiza. Akasema nusu ya sahani iwe mboga, robo iwe maharagwe, samaki, yai au nyama, na ugali robo iliyobaki, donge la ukubwa wa ngumi.

"Ngumi ya nani?"

"Yako, mama."

"Marehemu mume wangu alikuwa na ngumi kubwa. Tuchukue ile."

Hapo alicheka, lakini ngumi ilibaki yangu. Kisha akataka nitembee nusu saa kila siku, mwendo wa kuniruhusu kuongea lakini si kuimba. Nikamwambia kutembea nimelipwa miaka mingi, sasa ananiambia nitembee bure? Akasema, "Nitakulipa mimi, kwenye kipimo. Rudi baada ya miezi mitatu."

Nikamuuliza dawa iko wapi. Akasema kwa hali yangu tunaanza bila dawa, dawa ndiyo hii niliyobishana naye saa nzima. Hilo lishikeni vizuri, kwa sababu nimesikia mnavyonukuu wazee vibaya: aliyekwisha kupewa dawa asiziache kwa kunisikia mimi. Mimi nilishikwa mapema.

Makosa niliyofanya mwanzoni yangejaza tenga. Niliacha sukari nikahamia asali, kwa sababu asali nilijua ni dawa. Binti nilipompigia kumpasha habari hiyo njema akaniambia asali ni sukari iliyotengenezwa na nyuki. Nikasaga unga wa mtama na wimbi, ugali ukawa wa kahawia, nikasikia kwamba wa kahawia ndio mzuri, basi nikala mlima. Uzuri wa unga hauongezi ukubwa wa ngumi. Nikala machungwa, sawa, halafu nikaanza kuyakamua na kunywa bilauri nzima, ambayo ni machungwa mengi yaliyopita kooni bila kutafunwa. Kilichonifaa ni mambo ya kawaida: kuanza na mboga, mrenda au kunde, kabla ya kugusa ugali, kuchemsha mayai mawili asubuhi nile kabla ya kutoka ili nisifike kwa watu njaa ikiwa imenitangulia, na kutembea kidogo baada ya kula badala ya kukaa kitini kusikiliza tumbo.

Kutembea kulikuwa rahisi. Nilimwambia kijana wa boda anishushe barabarani, mimi nipande vilima mwenyewe. Alidhani nimemkasirikia. Kwa siku kadhaa alikuwa akinifuata polepole nyuma yangu, injini inanguruma, ananiuliza, "Mathe, ni kitu nilisema?"

Chai ndiyo iliyonishinda.

Mteja wangu mkubwa upande wa Shinyalu alikuwa Truphosa. Namwita mteja ingawa yeye ndiye aliyeniuzia. Tulikuwa tumezoeana hivyo. Alikuwa na majogoo ambao hoteli za mjini zilikuwa zikiwaulizia, wekundu, wenye miguu minene. Niliingia kwake mchana mmoja.

"Karibu, Mama Lumbasi. Kaa, maji yako motoni."

"Leo nimekunywa kwangu, dada."

"Kwako ni Khayega. Umekunywa lini?"

"Asubuhi."

"Sasa ni saa nane."

Akaileta tu. Nilikishika kikombe, nikakisifu, nikakiweka chini. Akauliza habari za soko, nikajibu. Chai ikaanza kutanda utando juu. Truphosa akakitazama kikombe, akanitazama mimi, akakichukua, akapiga funda kubwa mbele ya macho yangu na kukirudisha mezani.

"Haya. Sijafa."

"Dada, si hivyo."

"Kwani ni vipi? Tangu lini umeanza kuniogopa?"

Ningemwambia pale pale yakaisha. Lakini nilikuwa nimeishi kwa sheria moja ya soko, kwamba mtu asijue unachokihitaji wala kinachokuuma, maana akijua amekushika. Na neno sukari, mtu akilisikia limekaa na jina lako, anaanza kukuongelesha kwa sauti ya matanga. Hoteli zingetafuta mwingine wa kuwaletea. Kanisani wangeanza kunichangia. Basi nikasema tena kwamba nimeshiba.

"Kuku hawako leo," Truphosa akasema.

Jogoo akawika nyuma ya jiko. Hakuna aliyemtaja.

Baada ya hapo alimuuzia mwanamke mwingine, na maneno yakashuka kilima kunizidi mwendo. Maboma mawili ya jirani nayo yakawa hayana kuku. Nikaogopa. Nikaanza kunywa tena, hapa kikombe, pale nusu, nikijiambia nitaongeza hatua kesho. Nilikuwa natembea, nilikuwa na ngumi yangu ya ugali, na nilikuwa nakunywa chai ya watu. Miezi mitatu ilipofika nikamrudia binti. Akapima. Sita nukta tatu.

"Unatembea?"

"Natembea."

"Ugali?"

"Ngumi."

"Na chai ya kazini?"

Nikanyamaza. Safari hii kunyamaza hakukuwa mbinu. Akaniambia bila ukali kwamba imekaa pale pale, na kwamba mtu hakai mlangoni siku zote; hurudi nyuma au huingia ndani.

Nilitoka pale nikaenda kumwona Senje Robai. Sikuwa nimeenda kwa muda mrefu, na najua kwa nini. Alikuwa amekatwa mguu chini ya goti, yule mwanamke wa hatua ndefu, kwa sababu ya kidonda cha kidole kisichopona. Alikuwa ameketi mlangoni anachambua maharagwe. Nikamkabidhi mfuko wangu. Akachungulia ndani.

"Mkate," akasema. "Na soda. Umekuja kunimaliza au kunisalimu?"

Nilijisikia mjinga, kwani nilikuwa nimevinunua bila kufikiri, kama mtu yeyote aendaye kumwona mgonjwa. Akamwita mtoto wa jirani, akampa vyote viwili. Nikakaa. Nikamweleza habari yangu, kipimo, kikombe cha sukari, Truphosa. Alisikiliza bila kuacha maharagwe.

"Mimi walinipima lini?" akauliza.

"Sijui, Senje."

"Kidonda kikiwa kinanuka. Daktari akaniambia hii sukari umekaa nayo miaka. Hakuna aliyeniambia nikiwa bado naweza kurudi. Nilikuwa nasikia kiu, nikawa nakunywa chai." Akatupa jiwe dogo alilolikuta kwenye maharagwe. "Wewe wamekutajia bei mapema, ukiwa na miguu miwili. Na bado unabishana."

"Ni wewe ulinifundisha chai, Senje."

"Nilikufundisha ukae ule cha mtu ili akuamini. Sukari nilikutajia?"

Nikaokota jiwe jingine kwenye maharagwe yake, nikalitupa.

"Sasa nenda. Na unapokuja tena, niletee kuku."

Kesho yake nilipanda kwa Truphosa kwa miguu tangu barabara kuu. Alikuwa akianika mahindi, na aliponiona hakuinuka. Nilikaa kwenye kigoda bila kukaribishwa, jambo ambalo katika kazi yetu ni sawa na kuweka pesa mezani kwanza.

"Truphosa, nina sukari iliyopanda. Bado si ugonjwa, lakini nikiendelea na chai tamu itakuwa. Ndiyo maana siku ile sikunywa. Nilikuficha kwa sababu ya biashara."

Akaendelea kusambaza mahindi kwa kiganja. Nilingoja sauti ya matanga. Haikuja.

"Kwa hivyo wewe hutaki sukari."

"Sitaki."

"Tangu lini?"

"Tangu siku ile nilipokiacha kikombe chako hapa."

Aliweka mikono kiunoni. "Mama Lumbasi, unajua sisi kwa hii nyumba tunakunywanga chai bila sukari? Mimi na watoto. Sukari ni bei. Nikisikia unakuja ndio natuma mtoto dukani akakope. Miaka yote hiyo. Wewe unakunywa, mimi nakuangalia, nasema huyu mama anapenda vitamu."

"Mimi nilikuwa nakunywa kwa ajili yako."

"Na mimi nilikuwa nakopa kwa ajili yako."

Tulitazamana. Kisha akili yangu ya soko ikaamka kabla yangu.

"Hiyo sukari ya kukopa. Ulikuwa unailipa na nini?"

"Unadhani bei ya jogoo ilikuwa inatoka wapi?"

Mimi, ambaye niliwatambua kuku walioshindiliwa mahindi kwa kubonyeza shingo, nilikuwa nimeuziwa sukari yangu mwenyewe ndani ya jogoo, nikainywa, nikasema asante. Nikamwambia basi, kuanzia leo, apunguze.

"Nimepunguza sukari," Truphosa akasema. "Jogoo sijamgusa."

Akaenda jikoni, akaleta chai ya maziwa na tangawizi, bila sukari, akajimiminia na yeye kutoka birika lile lile. Tukanywa. Siku hiyo nilimnunua jogoo kwa bei mbaya kuliko zote nilizowahi kulipa Shinyalu, na nikamwona ni wa halali.

Nyumba nyingine nikawa nasema mlangoni, kabla maji hayajachemka. Msidhani wote walipokea vizuri. Mmoja aliniombea hapo hapo kwa nguvu mpaka kuku wakatawanyika, na ilituchukua muda kuwakamata. Hoteli moja kweli ilimtafuta mwingine. Lakini maboma mengi yalishusha pumzi, na mawili matatu yakaniuliza pembeni hao wapimaji wanapatikana siku gani.

Miezi mitatu mingine ikapita. Binti akapima, akasoma, akanigeuzia kile kimashine nione mwenyewe. Tano nukta nne. Nikamwambia apime tena kwenye kidole kingine, akakataa. Akasema imerudi mahali pake, na itakaa huko nikikaa, nikirudia ya zamani nayo itarudia. Nilimwomba chapati ya Jumatano. Akanyamaza, nami nikauchukua mkoba wangu nikaondoka kabla hajanitoa ile ya Jumapili.

Kuku wa Senje Robai nilimpeleka wiki hiyo. Alimpapasa mfupa wa kifua, akambonyeza shingo, akauliza nimemnunua pesa ngapi. Nilipomtajia alinitukana vizuri sana. Tulimla pamoja na mrenda na ugali mdogo. Hiyo ndiyo mara ya mwisho tulikula sahani moja, na nashukuru haikuwa mkate na soda.

Sasa mimi sinunui tena. Nafuga. Napimwa kila mwaka, na naendelea kubaki upande huu wa mlango. Fundi viatu wa Khayega amenibadilishia nyayo tena na ananiambia natembea kama mtu anayedaiwa. Majogoo wangu ni wa ile mbegu ya Truphosa, na najua mnawataka kwa sababu simu yangu hailali.

Kwangu mnapajua: mkiacha lami, ni kilima kimoja, mto, na kilima kingine. Pikipiki ziacheni barabarani. Chai mtaikuta, na bakuli la sukari litakuwa kando, anayetaka atajitilia mwenyewe mbele ya macho yangu. Bei nitawatajia mkishafika na kukaa. Kwa simu sina bei.